UZI: Soketi inaning'inia chini ya dashibodi na hujui ni ya nini? Usiikate, usiipe moto, pita hapa kwanza

#1 | Boneti Wazi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila mara naona mtu anaweka picha ya soketi inayoning'inia, anauliza "hii ni ya nini?", wanakuja watu kumi na majibu kumi. Wote wameangalia rangi ya waya tu. Nimeona bora tuwe na uzi mmoja wa kuliongelea hili kwa kirefu. Nazungumzia magari ya zamani, yale ambayo ukiwa na testa, tochi na subira unaweza kuufuata waya mpaka mwisho.

Tuelewane maneno kwanza. Soketi ni kile kiungo cha waya, plastiki yenye pini ndani, unachomoa na kuchomeka. Wengine mnaita konekta, sawa tu. Plagi naiachia ile ya kwenye silinda, maana nimeshamwona mtu kaambiwa "chomoa plagi" akarudi nazo nne mkononi. Dume ni yenye pini zilizochomoza, jike ni yenye matundu. Kinachohesabika hapo ni pini, si plastiki. Zipo soketi ambazo ganda lake ndilo linaloingia ndani ya mwenzake, na bado pini zake ni za kike.

Sasa kilichonifikisha kwenye uzi huu. Nilikuwa na gari la kizamani la sindano za mafuta, soketi ya sensa ya hewa imepasuka, nyaya tatu kati ya tano zimeshakatika pale shingoni. Nikapata soketi nzima, nikapata na mchoro. Mchoro unaonyesha pini moja mpaka tano, kushoto kwenda kulia. Nikaishika soketi kwa nyuma, upande wa nyaya, nikapanga moja mpaka tano, kushoto kwenda kulia. Nikawasha swichi. Hakuna mlio, hakuna moshi, ilikuja harufu tu, ile ya plastiki inayoanza kupata joto. Sensa ikafa palepale. Mchoro ulikuwa sahihi, ila umechorwa kwa kuitazama soketi mdomoni, na mimi nilikuwa nyuma yake. Moja yangu ilikuwa tano yao.

Jaribu na mkono wako. Inua kiganja cha kulia kikutazame, gumba liko kulia. Geuza uone mgongo wa mkono, gumba limehamia kushoto. Vidole ni vilevile.

Kwenye michoro ya Toyota ya miaka ya 1990 utaratibu uko wazi: soketi jike inahesabiwa kuanzia juu kushoto kwenda chini kulia, dume inahesabiwa kuanzia juu kulia kwenda chini kushoto. Zikikutana mdomo kwa mdomo, moja inaigusa moja. Makampuni mengine yana mtindo wao, kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote tafuta mambo mawili: kufuli la soketi liko upande gani kwenye picha, na picha ni ya mdomo au ya nyuma. Mara nyingi kuna na namba ndogo sana zimechongwa kwenye plastiki karibu na pini za pembeni. Safisha kwa mswaki, pigia tochi kwa ubavu, utaziona.

Nikipata nafasi nitaendelea na jinsi ya kuzitafuta zilipo. Anzeni kuuliza.

#2 | Gia ya Tatu

Mkuu umenigusa. Mimi nina gari la Japani la mwaka 1989, halina mifuko ya hewa. Chini ya zulia, karibu na reli ya kiti cha dereva, kuna soketi ya pini mbili, ya kijivu, haijachomekwa popote. Waya mmoja mweusi mwenye mstari mweupe, mwingine kijani mwenye mstari mwekundu. Nilitaka niiunganishe tu zile nyaya mbili nione nini kinatokea. Nifanye?

#3 | Boneti Wazi

Usifanye. Tutarudi kwako, kaa karibu. Kwanza nijibu la mahali, maana limo humohumo kwenye swali lako.

Nyaya za gari hazitawanyiki ovyo. Zinatembea mafungu mafungu na kila fungu lina njia yake, na soketi kubwa zinakaa pale fungu moja linapokutana na lingine. Kuna pale nyaya zinapopenya ukuta wa injini kupitia lile pete la mpira. Kuna ubavuni pa miguu ya dereva na ya abiria, nyuma ya zile plastiki mnazozipiga teke kila siku. Kuna usukani kwa chini, nyuma ya boksi la fyuzi, chini ya ubao wa mlangoni, na ubavuni mwa buti. Ukikosa huko, tafuta chini ya viti.

Kwenye michoro ya Toyota ya enzi hizo hata jina la soketi linakuambia iko wapi. Zile zinazounganisha fungu kwa fungu zina herufi ya kwanza ya eneo: E ni chumba cha injini, I ni dashibodi na jirani zake, B ni bodi. Ukisoma IE1 acha kuhangaika boneti, rudi ndani. Watu wanapoteza mchana mzima nje kumbe herufi imeshawaambia.

Kuhusu soketi isiyo na mwenzake, kumbuka kiwanda kilitengeneza fungu moja la nyaya kwa magari ya aina nyingi. Gari lako likitoka bila taa za ukungu, soketi yake inaweza kuwa imo, imekunjwa na kufungwa kwa tepu kwenye fungu, na haijawahi kuchomekwa tangu gari lizaliwe. Hiyo haina tatizo lolote. Utaitofautishaje na iliyochomolewa? Angalia pini zake kwa tochi. Pini iliyowahi kuchomekwa ina mchubuko mwembamba unaong'aa kwa urefu, pale mwenzake alipopita. Ambayo haijawahi ina rangi moja kote, imefifia sawasawa. Jambo dogo sana, ila limeniokoa mara nyingi kuliko mchoro.

Gia ya Tatu, kamulike pini zako uniambie.

#4 | Mtoto wa Gereji

Mnajichosha wakuu. Chukua taa ya testa, bana mguu mmoja kwenye bodi, mwingine gusa pini. Ikiwaka ni moto, yaani waya wenye umeme; isipowaka ni athi, waya wa kurudi kwenye bodi. Kazi imeisha, twende kwenye gari lingine.

#5 | Boneti Wazi

Mkuu, taa naipenda kuliko unavyodhani, ila hiyo ya "isipowaka ni athi" imezika magari. Isipowaka inaweza kuwa athi, waya uliokatika, waya wa ishara, au moto unaosubiri swichi ambayo hujaiwasha. Athi inathibitishwa kivyake: mguu wa taa peleka kwenye chanya ya betri, halafu gusa pini. Ikiwaka kwa nguvu zote, hapo sawa.

Halafu taa inakunywa umeme. Balbu ya wati 5 inavuta karibu nusu ampea, na waya wa sensa unaoingia kwenye kontrolboksi, ile kompyuta ya gari, haukutengenezwa kwa mzigo huo. Kwenye nyaya za kompyuta tumia multimita.

Kwenye soketi ya njano, au nyaya zilizofungwa kwa njano, usiguse kwa chochote. Ndiyo rangi iliyozoeleka ya mifuko ya hewa. Humo hata kipimo cha omu cha multimita kinapeleka umeme kidogo, na hicho kidogo sitaki kiwe karibu na uso wa mtu. Ukilazimika kufanya kazi jirani yake, toa hasi ya betri na usubiri. Vitabu vya Toyota vinasema angalau sekunde 90. Mimi naenda kunywa maji kabisa.

Multimita nayo ina uongo wake. Soketi imeoza, pini imebaki na uzi mmoja wa shaba, multimita inasoma volti 12 safi kwa sababu yenyewe haivuti kitu. Unasema moto upo. Ukiweka taa inawaka kama mshumaa. Ndiyo maana natembea na vyote viwili: multimita inaniambia kama volti zimefika, taa inaniambia kama zinaweza kufanya kazi.

#6 | Waya Mwekundu

Naomba kuuliza kuhusu rangi. Nilikuwa na gari la Kiingereza nikajua kahawia ni moto. Sasa nimechukua la Kijerumani, nimeifunga redio, nyaya za kahawia nimezipeleka kwenye chanya, fyuzi imeruka. Nani kanidanganya?

#7 | Boneti Wazi

Hakuna aliyekudanganya, umevuka mpaka na sheria za kule.

Kwenye magari ya zamani ya Uingereza kahawia tupu ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, haujapita hata fyuzi. Nyeupe ni moto wa swichi, kijani ni moto wa swichi uliopita fyuzi, zambarau ni moto wa kudumu uliopita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni athi. Kwa Wajerumani kahawia ndiyo athi, nyekundu ni moto wa betri, nyeusi mara nyingi ni moto wa swichi. Yaani kahawia na nyeusi zimebadilishana viti. Ukifuata mazoea unapata shoti ya betri nzima, shukuru fyuzi yako.

Wajapani wengi athi yao ni nyeusi, na Toyota wanapenda nyeupe yenye mstari mweusi.

Herufi nazo ni mtego wa pili. Kwenye mchoro wa Kijapani L ni bluu na B ni nyeusi. Kwenye wa Kiingereza bluu ni U na kahawia ni N. Kwenye wa Kijerumani nyeusi ni SW, njano ni GE, kijani ni GN, na GR ni kijivu, usije ukaisoma kijani. Herufi ya kwanza ni rangi ya waya wote, inayofuata ni mstari.

Kitu kimoja zaidi kwa wenye magari ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960: mengi yalifungwa chanya kwenye bodi. Nyeusi bado ni athi, ila athi yenyewe ni chanya. Angalia betri imefungwaje kabla hujaamini kipimo chako.

Na uzuri wa Wajerumani ni namba. Zimeandikwa kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme), kwenye swichi, mpaka pembeni ya pini, na hazibadiliki kwa rangi. 30 ni betri, 15 ni moto wa swichi, 31 ni athi, 50 ni staata. Relei: 85 na 86 ni koili, 87 ni mahali umeme unapotokea. 49a inatoka kwenye flasha kwenda indiketa, 56a ni taa kubwa ya juu, 56b ya chini, 58 taa ndogo. Redio yako, mkuu: 30 ya kumbukumbu, 15 ya kuwashia, 31 kwenye bodi. Rangi ziwe unavyotaka.

#8 | Mtoto wa Gereji

Hapo kwenye taa nimekuelewa mkuu. Sasa swali la kweli. Soketi ikiungua kabisa nitajuaje ya kutafuta? Nilitumia namba iliyoandikwa kwenye plastiki, PBT, nikaitafuta usiku mzima, nikaletewa soketi za kila aina.

#9 | Boneti Wazi

Hahaha, pole. PBT ni jina la plastiki yenyewe. Hata PA66 ni hivyohivyo, ni nailoni. Zinaandikwa katikati ya alama mbili zinazoelekeana, kama mishale, ili mtu wa kuchakata taka ajue ni nini. Namba ya soketi ni nyingine, na mara nyingi haipo kabisa. Kwa Toyota, namba ya ganda la soketi huanza na 90980, hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye katalogi.

Bila namba, pima pini dume kwa vernia, upana wake. Hapo ndipo soketi inapojitaja. Pini ya milimita 2.3 Wajapani wanaiita 090, ya 1.8 ni 070, ya 2.8 ni 110, ya 4.8 ni 187, ya 6.3 ni 250. Hizo namba ni inchi iliyogawanywa mara elfu, ndiyo maana hazieleweki kwa mtu wa milimita. General Motors kwenye familia yao ya Metri-Pack wakahesabu kwa milimita: 150 ni 1.5, 280 ni 2.8, 630 ni 6.3. Kwa hiyo 110 ya mmoja na 280 ya mwingine zina upana uleule, ila maganda hayaingiliani. Ukiwa na upana wa pini, idadi ya pini, mpangilio wa safu na upande wa kufuli, hata muuzaji asiyejua gari lako atakupatia. Sindano nyingi za Bosch za zamani utazijua bila kupima: pini mbili, ganda lenye mabega, na waya wa chuma uliokunjwa kama kibanio cha nywele badala ya kufuli. Huo waya wa chuma ukiruka injini ikiwa wazi, hutauona tena maishani.

Upana unakuambia na kazi. Pini ya 6.3 yenye waya mnene ni mzigo: feni, taa kubwa, kioo cha umeme. Pini nyembamba na waya mwembamba ni ishara, au mzigo mdogo. Ukikuta waya mnene umeingia kwenye pini nyembamba, au kinyume chake, kuna mtu alishapita hapo kabla yako.

Kutoa pini: usivute waya kwa hasira. Sukuma waya *ndani* kwanza, pini iache kulalia ulimi wake. Kisha ingiza kichokonoo chembamba uuinue ulimi, ndipo uvute. Kwenye soketi nyingi za Kijapani ulimi ni wa plastiki, uko kwenye ganda, ukikatika ganda limekwisha. Kwenye nyingi za zamani ulimi ni kijibati kwenye pini yenyewe, ukishaitoa ukiinue tena kwa kisu kabla ya kurudisha, la sivyo pini itarudi nyuma siku unayochomeka. Na kama kuna kipande cha plastiki cha rangi nyingine mdomoni, hilo ni kufuli la pili, lifungue kwanza.

Pini jike ipime kwa pini dume moja ya ziada, tundu baada ya tundu. Inatakiwa ishike kidogo unapoivuta. Ikitoka kama kijiko kwenye uji, hapo ndipo tatizo lako la "gari linazima kwenye matuta".

#10 | Waya Mwekundu

Redio imewaka, 15, 30, 31 kama ulivyosema. Samahani nitoke nje kidogo ya mada: ile soketi ya kupimia magari haya inakaaga wapi? Kila gari nakuta ina umbo lake.

#11 | Boneti Wazi

Ni mada hiihii, maana nusu ya soketi "zisizo na mwenyewe" ndizo hizo. Hazikuzaliwa kuchomekwa na kitu chochote cha gari.

Toyota za zamani: boksi dogo chumba cha injini, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani, TE1 na E1 ukiziunganisha swichi ikiwa imewashwa, taa ya injini inapepesa namba za hitilafu. Soma majina yaliyo ndani ya kifuniko, usihesabu kwa kubahatisha, kuna tundu la moto mlemle. Honda nyingi za miaka ya 1990: soketi ndogo ya pini mbili upande wa abiria, nyuma au chini ya kisanduku cha dashibodi. Nissan: ya pini 14, jirani na boksi la fyuzi. General Motors: ya matundu 12 chini ya dashibodi, A ikiwa athi na B ndiyo ya kuombea namba. Ile ya pini 16 iliyozoeleka ilikuwa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1996. Humo 16 ni betri na 4 ni bodi, unaweza kuzipima kujua kama soketi iko hai.

#12 | Gia ya Tatu

Nimerudi. Pini zina michubuko inayong'aa, zote mbili. Kwa hiyo ilikuwa imechomekwa. Nimepima: mweusi-mweupe na bodi, omu karibu sifuri. Kijani-nyekundu, swichi ikizimwa hakuna kitu, swichi ikiwashwa volti 12. Nikaweka taa ya testa kati ya zile pini mbili kama mnavyosema, haikuwaka hata kidogo. Lakini mke wangu aliyekuwa amekaa kiti cha abiria akasema kuna taa imewaka kwenye dashibodi. Ile ya mtu na mkanda. Tangu ninunue gari hili sijawahi kuiona.

#13 | Boneti Wazi

Mpe shemeji hongera, ndiye aliyemaliza kazi.

Moto unatoka kwenye swichi, unapita kwenye kabalbu ka dashibodi, unashuka kwa waya wa kijani-nyekundu mpaka chini ya kiti, halafu unasubiri mtu aupe athi. Multimita ilisoma 12 kwa sababu haivuti, kabalbu hakakuwa na kazi. Ulipoweka taa yako ulizipanga balbu mbili kwenye mstari mmoja. Ya dashibodi ni ndogo, ina ukinzani mkubwa, ikachukua karibu volti zote. Ya testa ikabaki na makombo. Ndiyo maana iliwaka ile na si hii. Na ungekuta ni moto wa moja kwa moja, taa yako ndiyo ingewaka, basi. Wewe ulitaka kuziunganisha kwa waya mtupu, wakati huo hujui ni ipi kati ya hizo mbili.

Mwenzake ni swichi ndani ya kishikio cha mkanda. Inua kiti utazame kwa chini.

#14 | Gia ya Tatu

Nimekifungua kiti. Hakuna soketi, hakuna hata waya. Boliti mbili za reli si za aina moja na zile za kiti cha abiria, na kitambaa nikikitazama vizuri kimepauka tofauti kidogo. Kiti si cha gari hili.

#15 | Mtoto wa Gereji

Tafuta kishikio chenye swichi mkuu, ganda lile la kijivu dume lake lina pini 090, nimelipima kwenye gari la mteja leo.